Kabla buldoza haijaingia: jinsi ya kupima historia iliyo chini ya lupango Lubumbashi

Simu huja buldoza ikiwa imeshawashwa. "Mukubwa, kuja uone, tumetoa vyungu." Mara moja, kwenye shantie (mahali pa ujenzi) upande wa Kampemba, nilifika jioni nikakuta shimo la maji machafu limekwenda chini mita tatu na udongo umeshapakiwa kwenye lori. Ukutani mwa shimo ulibaki mstari mweusi wa makala (mkaa), unene wa kiganja, na kipande cha bomba la udongo la mivukuto kikichungulia kama kidole. Vingine vyote vilikuwa vimekwenda kujaza matope kwenye lupango (kiwanja) la mtu mwingine. Nikavifuata huko kesho yake. Nilikusanya ndoo moja ya vigae vya vyungu na mavi ya shaba (masalio ya kuyeyusha shaba), na ndoo hiyo haina inachoweza kumwambia mtu, maana hakuna anayejua kipi kilikaa juu ya kipi.

Siku tatu au nne za kazi, mwezi mmoja kabla, zingetosha. Mwongozo huu ni wa siku hizo. Nauandika kwa ajili ya mwenye lupango, mchoraji wa majengo, mwanafunzi wa historia pale UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), na yeyote anayeulizwa kama kiwanja fulani "kina kitu".

Nianze na kosa linaloharibu kazi nyingi. Watu hudhani kukadiria ni kutafuta vitu vya kale. Sivyo. Unatafuta ardhi ambayo bado haijaguswa. Mji umechimbwa, umesawazishwa na kujazwa tangu 1910, na sehemu iliyosalimika ndani ya lupango inaweza kuwa kona moja tu nyuma ya jikoni. Ukiijua kona hiyo, nusu ya kazi imekwisha.

Kwanza jua kinachoweza kuwepo

Shuleni tulifundishwa mji kuanzia 1910, mwaka ambao mitaa ya Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, ilichorwa na reli kutoka kusini ikafika. Mwaka uliofuata kiwanda cha kampuni ya migodi ya Union Minière kikamimina shaba yake ya kwanza. Lakini mgodi ambao Wabelgiji waliuita Étoile ulikuwa na jina lake, Kalukuluku, na wenyeji walikuwa wameuchimba kabla kampuni hiyo haijaundwa mwaka 1906. Pale Naviundu, ambako leo nyumba zimejaa, watafiti walipata mabaki ya watu walioyeyusha shaba yapata karne ya 4. Basi mtu akikwambia "hapa palikuwa pori tu", mjibu kwa upole kwamba pori hilo lilikuwa na tanuru.

Kwa kiwanja cha Lubumbashi, weka kichwani tabaka hizi. Chini kabisa, kwenye mstari wa changarawe, zana za mawe. Changarawe hiyo ina sababu yake: mchwa hupandisha juu udongo laini tu, karne baada ya karne, na mawe yanabaki yakizama taratibu. Ukiona jiwe lililochongwa kwenye changarawe, usiseme haraka kwamba watu walikaa hapo hapo, kwa kina hicho. Juu yake huja vigae, majivu, matanuru na makaburi ya wakulima na wayeyushaji, wale ambao Wabelgiji waliwaita "walaji wa shaba". Misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha, ile iliyochorwa kwenye bendera ya Katanga ya 1960, imepatikana makaburini Sanga, katika bonde la Upemba. Usitarajie kuikuta kila mahali.

Kisha tabaka la mji wenyewe: misingi ya matofali, visima, vyoo, majalala ya chupa na sahani, kambi za wafanyakazi, na ule ukanda mtupu walioacha kati ya mji wa wazungu na site (mtaa) ya weusi. Na juu yake, alama za vita vya 1961, askari wa Umoja wa Mataifa na wale wa Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, walipopigana ndani ya mji. Hili la mwisho nitalirudia kwenye usalama, si kwa ajili ya historia peke yake.

Pima jengo kabla ya kupima ardhi

Omba mchoro. Usikubali jibu la "tutajenga ghorofa nne". Unataka kujua msingi utashuka kina gani, kama ni mitaro, nguzo au bamba moja la zege, shimo la maji machafu litakaa wapi, kama kutakuwa na maegesho chini ya ardhi, bomba litapita wapi, na magari mazito yataingilia upande upi. Bamba la zege lenye kina cha sentimita 60 linaweza kulala juu ya tanuru la kale bila kuligusa. Shimo la maji machafu la mita tatu kwa nne halisamehi kitu.

Chora mpaka wa lupango kwenye karatasi, kisha duara la nusu kilomita kulizunguka. Ndani ya mpaka unatafuta ushahidi. Ndani ya duara unatafuta dalili za jirani: mto, kilima chenye madini, kisima cha zamani, shule ya misheni, kambi.

Makaratasi na wazee

Katastre (ofisi ya ardhi) itakupa namba, vipimo na mara nyingi mchoro wa zamani wa mgawanyo. Kumbuka kwamba kwa sheria ya 1973 ardhi ni ya serikali, na mwenye cheti ana haki ya kuitumia tu. Hoja hii itakusaidia mteja akisema kilicho chini ni chake. Tafuta picha za angani za miaka ya 1950 kama zinapatikana, halafu zilinganishe na picha za setilaiti za miaka ya karibuni, ambazo ni za bure mtandaoni. Unachosoma hapo si nyumba. Unasoma mwaka ambao udongo mwekundu ulionekana, yaani siku mtu aliposawazisha. Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi ina makusanyo na watu wanaojua ni kitu gani kilitoka wapi. Nenda na ramani yako, si na swali la jumla.

Majina ya mahali yaandike yote, hata yale ya utani. Jina la kijito au kilima hudumu kuliko jina la avenyu, ambalo hubadilika kila utawala ukibadilika.

Wazee ndio hifadhi iliyo wazi zaidi, ila wengi huwauliza vibaya. Ukimwambia Papa mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, "je, hapa kuna vitu vya kale?" atakujibu hapana, kwa sababu kwake vitu vya kale ni vinyago. Muulize kazi ya mikono. "Papa, zamani apa kulikuwa nini? Choo kilikuwa wapi kabla ya hiki? Mlipochimba kisima mlikuta udongo wa rangi gani? Matofali ya nyumba hii yalitoka kichuguu kipi?" Mama aliyelima bustani kwa miaka thelathini anajua mahali jembe lilipogonga mawe meusi na mahali mahindi yalipokataa kuota. Mahindi kukataa kuota ni habari kubwa Katanga: huenda udongo una shaba nyingi. Muulize pia, bila haraka na si mbele ya watu, kama kuna aliyezikwa hapo. Watoto wachanga hawakupelekwa makaburini kila mara.

Ramani ya uharibifu

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote. Chukua nakala ya mchoro wa lupango na kalamu nyekundu. Paka rangi kila mahali unapojua udongo umetolewa: misingi ya sasa, misingi iliyobomolewa, vyoo vyote vya zamani, mashimo ya taka, mifereji, bomba la Regideso (kampuni ya maji). Kwa rangi nyingine paka mahali udongo ulipoongezwa, maana kujaza hulinda. Sehemu nyeupe itakayobaki ndiyo utakayoifanyia kazi.

Utajuaje kama ardhi ya ua imekatwa au imejazwa wakati hakuna anayekumbuka? Tazama miembe. Mwembe wa zamani una shina linalopanuka linapokaribia ardhi, kama mguu wa tembo. Mizizi ikiwa imeachwa hewani na kupinda juu ya udongo, ardhi imeondoka, kwa jembe au kwa mvua. Shina likiingia ardhini limenyooka kama nguzo ya umeme, udongo umeongezwa, na ardhi ya zamani iko salama chini yake. Nimepima hivyo mara nyingi, na shimo la majaribio halijanisuta ila mara moja, mwembe ulipokuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Angalia vilevile vizingiti vya milango ya nyumba kuukuu, na ngazi zinazoanza angani au kuzama ardhini.

Kichuguu nacho ni ushahidi. Vichuguu vikubwa vya eneo hili havijengwi kwa siku moja. Kimoja kilichopimwa umri kwa kaboni karibu na Lubumbashi kilionekana kuwa na zaidi ya miaka 2000. Kikiwa kimesimama nyuma ya lupango, ujue ardhi ya chini yake haijapitiwa na buldoza. Kikiwa kimebaki kisiki kilichotafunwa na wafyatua matofali, kagua kingo za kisiki hicho, maana hapo umepewa ukuta wa shimo bure. Wayeyushaji wa zamani waliupenda udongo wa kichuguu kwa kujengea matanuru, kwa kuwa unastahimili moto, hivyo zunguka na mguuni pake.

Kutembea

Chagua wakati. Mvua za kwanza, kuanzia mwezi wa 11, huosha ua na kuacha vigae vikichungulia. Katikati ya mvua nyasi hufunika kila kitu. Kiangazi udongo huonekana wazi lakini huwa mgumu kama tofali. Kwa kutembea napenda siku chache baada ya mvua za mwanzo. Kwa kuchimba, mwezi wa 4 au wa 5, udongo ukiwa bado na unyevu.

Tembea kwa mistari ya mita mbili mbili, macho chini. Ingia kwenye mifereji, kwenye mtaro wa msingi wa jirani ukikuruhusu, kwenye shimo lolote lililo wazi. Lakini jambo litakalokusumbua zaidi Lubumbashi ni mavi ya shaba, ambayo Kifaransa huita skori, na hapa lazima nikae kidogo.

Mji huu umejaa masalio ya kiwanda. Yametumika kujaza barabara, kutandika ua, kuzuia tope langoni. Mgeni akiona kipande cheusi hupiga kelele kwamba amepata tanuru la mababu. Kishike. Masalio ya kiwanda ni meusi, ya kioo, mara nyingi punje zinazofanana au mabonge mazito yaliyomiminwa, na hutawanyika pale gari linapopita. Ya kale ni madogo, si sawasawa, yana madoa ya kijani, na ukiyageuza unaona alama za makala zilizobanwa ndani yake. Hayakai peke yake: karibu yake pana udongo uliochomwa ukawa mwekundu au wa kijivu, vipande vya mabomba ya mivukuto, malakiti (jiwe la kijani lenye shaba) iliyopondwa, vigae. Kipande kimoja cheusi si ushahidi. Vitu vitatu vya aina tofauti ndani ya hatua kumi ni sababu ya kusimama na kupiga picha.

Mmea nao unasema, kwa hila. Kuna mmea mdogo wa jamii ya nana, *Haumaniastrum katangense*, unaoitwa ua la shaba. Unapenda udongo wenye shaba ambao mimea mingine inaukimbia, na watafiti wameutumia kugundua sehemu za kuyeyushia za kale. Lakini moshi wa kiwanda umemwaga shaba juu ya mitaa iliyo upande wa upepo kwa miongo mingi, Penga Penga ikiwa mfano unaojulikana, na mmea uleule umeota huko. Kwa hiyo ua la shaba porini linakuita. Ndani ya mji, chini ya upepo wa kiwanda, linakuambia habari za bomba la moshi tu, mpaka uone vigae.

Kwa vitu vya karne ya 20 usiwe na dharau. Chupa ambayo mshono wake unapanda hadi juu ya mdomo ilitengenezwa kwa mashine. Mshono ukikoma shingoni, kwa kawaida ni ya zamani zaidi. Jalala la kambi ya wafanyakazi linaweza kukuambia walichokula watu ambao daftari la kampuni liliwaandika kwa namba.

Mashimo ya majaribio

Kutembea na kusoma makaratasi hakukuhitaji kibali cha mtu zaidi ya mwenye lupango. Kuchimba kwa ajili ya mambo ya kale ni jambo jingine. Mali ya kitamaduni inalindwa na sheria-amri namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971, na uchimbaji una idhini yake kutoka wizara ya utamaduni. Pitia makumbusho wakuongoze. Usijifiche nyuma ya neno "kupima udongo".

Anza na keekee ya mkono, kila mita kumi, ndani ya sehemu nyeupe ya ramani yako. Inakupa rangi na kina bila kuharibu. Pale inapotoa makala, udongo uliochomwa au kigae, fungua shimo la mita moja kwa moja. Shuka sentimita kumi kwa wakati, chekecha kila ndoo kwa wavu wa milimita tano, weka kila kina kwenye mfuko wake na uandike lebo ndani na nje, maana wino wa nje hufutika. Ukuta mmoja wa shimo usafishe kwa mwiko, uupige picha ukiwa na kipimo, kisha uuchore. Makala ya kupelekwa maabara yachukue kwa ncha ya kisu safi, uyafunge kwenye karatasi ya alumini. Usiyashike, na usivute sigara juu yake. Simama unapofika kwenye udongo usio na alama yoyote ya mtu, na ushuke sentimita ishirini zaidi kuhakikisha.

Vifaa vya kupima sumaku hupata matanuru vizuri porini, kwa sababu udongo uliochomwa hubadilika. Mjini, kati ya mabati, nyaya na masalio ya kiwanda, kifaa hupiga kelele kila hatua. Usikodi.

Usalama ni mfupi ila si wa mzaha. Usishuke peke yako, na usiingie zaidi ya mita moja na robo bila kupanua kingo. Vyoo vya zamani huporomoka. Ukiona chuma chenye umbo la risasi kubwa, ondoa watu, usikiguse, wajulishe polisi. Udongo wa mji huu una madini ya risasi na metali nyingine nzito: nawa kabla ya kula, na nguo za kazi usizipeleke nyumbani kwa watoto.

Kutoa hukumu

Mteja anataka neno moja. Mpe, lakini lijenge kwa maswali matatu, kila moja kuanzia sifuri hadi tatu. Je, kuna uwezekano kitu kiliwahi kuwepo? Je, ardhi imesalimika? Je, jengo litaigusa? Zidisha, usijumlishe. Ukijumlisha, lupango lililochimbwa lote litaonekana bado lina alama nyingi kwa sababu tu liko karibu na mto. Ukizidisha, sifuri moja inafuta hoja, kama inavyopaswa.

Chukua lupango la mfano la mita 40 kwa 50 karibu na kijito. Nusu imesawazishwa na nyumba ya miaka ya 1950, sehemu ya nyuma ina miembe iliyofunikwa shina. Mbele: uwezekano 2, kusalimika 0, kuguswa 3, jibu ni sifuri, wajenge. Nyuma: uwezekano 2, kusalimika 3, na shimo la maji machafu limepangwa hapo hapo, 3. Jibu ni 18 kati ya 27. Ushauri wangu hauwi kuzuia ghorofa. Ni kuhamisha shimo mbele, jambo ambalo kwenye karatasi ni mstari mmoja wa kalamu na baada ya zege ni fedha nyingi.

Ndiyo maana ripoti igawe lupango vipande na itoe hukumu kwa kila kipande. Kurasa sita zinatosha: ramani ya uharibifu, picha za kuta za mashimo, majina ya mahali, maneno ya wazee (kwa ridhaa yao), alama, na mapendekezo kwa mpangilio huu: badilisha mchoro, ikishindikana, chimbeni kitaalamu kabla ya ujenzi, ikiwa alama ni ndogo, mtu awepo siku ya kufungua ardhi. Mradi ukiwa mkubwa kiasi cha kudaiwa utafiti wa athari kwa mazingira chini ya sheria namba 11/009 ya 2011, hakikisha ripoti yako imo ndani ya faili hilo. Ikija peke yake baadaye, hakuna atakayeisoma.

Andika pia, kwa lugha ambayo kapita (msimamizi) wa shantie ataisoma kwa sauti, la kufanya kitu kikitokea: zima mashine, usihamishe kitu, funika kwa turubai, piga picha kutoka juu, mjulishe burgumestre (mkuu) wa komini na makumbusho siku hiyohiyo. Wenye kazi za migodi wanajua kanuni hii, kwa kuwa Sheria ya Madini (Code minier) ya 2002 inawadai wasiviondoe vitu vya kale na watoe taarifa kwa maandishi. Mifupa ya mtu ikionekana, polisi waje kwanza, na wazee wa mtaa waitwe kabla mtu yeyote hajagusa.

Mifuko yenye lebo ipelekwe makumbusho pamoja na nakala ya michoro, na usiondoke bila sahihi ya aliyepokea. Usiiache kwenye kibanda cha mlinzi. Niliwahi kuiacha usiku mmoja, na asubuhi chungu kilichokuwa kizima nilikikuta jikoni mwake, kikipikiwa maharage.